Mikanda Myeupe Kwenye Majani ya Mahindi

Mikanda ile niliiona asubuhi moja nilipokuwa nikimwagilia miche ya mahindi ndani ya kitalu nyumba. Ilikuwa imekatisha jani kwa upana wake, rangi yake nyeupe inayokaribia manjano, kila mmoja ukiwa na upana wa kidole, ilhali sehemu ya jani iliyokuwa juu yake na ile iliyokuwa chini yake zilikuwa kijani kama kawaida. Sikujipa muda wa kufikiri. Nilijiambia kwamba huo ni upungufu wa virutubisho, na jioni ile ile nikachanganya mbolea ya naitrojeni kwenye maji. Siku tano baadaye, nilipoona hakuna kilichobadilika, nikaongeza salfeti ya magnesi, kwa kuwa nilikumbuka kwamba magnesi ndiyo madini yanayokaa katikati ya klorofili, ile dutu inayoyapa majani ukijani. Miche iliendelea kurefuka, majani mapya yakatoka yakiwa na kijani kizuri, nami nikajipongeza, mpaka nilipogundua kwamba mikanda yenyewe haikuwa imepona hata kidogo, na kwamba majani hayo mapya yangetoka kijani hata kama ningekaa tu nimekunja mikono.

Kilichonizindua kilikuwa rula. Nilipima umbali kutoka ncha ya jani hadi kwenye mkanda katika miche 12 iliyopandwa siku moja, nikaona jambo ambalo macho peke yake hayakuwa yamelinasa: katika jani la tatu mkanda ulikuwa karibu na shina, katika jani la nne ulikuwa katikati, na katika jani la tano ulikuwa karibu na ncha, na mpangilio huo ulijirudia mche baada ya mche kwa tofauti ya milimita chache tu. Sijui ugonjwa unaoweza kujipanga kwa nidhamu ya namna hiyo. Upungufu wa virutubisho nao una tabia zake: mahindi yaliyokosa naitrojeni huanza kugeuka manjano kwenye ncha za majani ya chini, na umanjano huo hushuka kwa kufuata uti wa jani, yaliyokosa magnesi huwa na michirizi iliyopauka kati ya mishipa ya majani ya zamani, yaliyokosa chuma huonyesha michirizi kama hiyo kwenye majani machanga. Yote hayo hufuata urefu wa jani. Mikanda yangu ilikatisha.

Jani la mahindi, kama majani ya jamii yote ya nyasi, hukua kutokea chini. Ncha ndiyo sehemu kongwe, na seli changa zimo karibu na kitako cha jani, zimefichwa ndani ya majani mengine yaliyojiviringisha. Kwa hiyo katika usiku wowote ule, kuna eneo fupi la jani ambalo seli zake ndizo zinazojenga kloroplasti zao, yaani vijumba vidogo vinavyobeba klorofili, kwa mara ya kwanza, na eneo hilo huangukia karibu na ncha kwa jani ambalo ndiyo kwanza linaanza, na karibu na shina kwa jani ambalo limekwisha kupanda juu. Nilipofungua daftari langu la kipimajoto, nilikuta nyuzi 6 za Selsiasi usiku mmoja na nyuzi 7 usiku uliofuata, na pembeni nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mawingu yameondoka na jua la asubuhi ni kali. Nilikuwa na daftari hilo mfukoni siku zote nilizokuwa nikipima mbolea.

Tangu hapo nilitaka kuelewa kwa nini baridi ya usiku mbili tu iweze kuacha alama isiyofutika. Klorofili haitokei papo hapo jani likishaguswa na jua, kama nilivyokuwa nikifikiri tangu utotoni. Mmea huitengeneza kwa hatua zaidi ya kumi, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoiendesha. Kazi huanza na glutamati, asidi amino ya kawaida kabisa, ambayo hugeuzwa kuwa asidi ya aminolevulini. Molekuli 8 za asidi hiyo huunganishwa kufanya pete moja kubwa yenye atomi 4 za naitrojeni zinazotazama ndani, na katikati ya pete mmea huchomeka atomi 1 ya magnesi. (Pete hiyo hiyo ikichomekwa chuma badala ya magnesi, njia huelekea kwenye hemu, jamaa ya ile inayoipa damu wekundu wake; jambo hili bado hunishangaza kila ninapolikumbuka.) Baada ya hatua nyingine chache hupatikana dutu iitwayo protoklorofilidi, ambayo ni klorofili iliyobakiza hatua kidogo tu kukamilika. Vimeng'enya vya mimea iliyozoea joto, kama mahindi, matango na maharage, hupungua kasi sana joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 au 12, na hatua ya kutengeneza asidi ya aminolevulini ni miongoni mwa zile zinazoumia mapema. Mwanzo wa mnyororo ukikwama, huko mbele hakuna cha kuunganisha.

Hatua inayofuata protoklorofilidi ndiyo iliyonifundisha zaidi, na niliijifunza kwa kabati. Nilipanda mbegu za matango na za maharage katika trei mbili, moja nikaiweka dirishani na nyingine ndani ya kabati lenye giza totoro, zote kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Baada ya siku nane miche ya kabatini ilikuwa mirefu kupita kiasi, mashina yake meupe na membamba, vichwa vyake vimejikunja kama kulabu, na majani madogo ya rangi ya manjano. Katika mimea inayotoa maua, kimeng'enya kinachogeuza protoklorofilidi kuelekea kuwa klorofili hakifanyi kazi bila kupigwa na mwanga. Mche wa gizani hufika hatua hiyo ukasimama, ukiwa umeshikilia akiba yake ndogo ya protoklorofilidi pamoja na karotenoidi zinazoupa umanjano. Nilipoitoa trei ile mwangani asubuhi, kwa muda sikuona tofauti yoyote, lakini kufikia jioni majani yalikuwa na ukijani wa wazi, na kesho yake ilikuwa vigumu kuamini kwamba ni miche ile ile. Kulabu zilikuwa zimenyooka na majani yamefunguka, kwa sababu fitokromu, ile protini inayohisi mwanga mwekundu, huupasha mmea habari kwamba umekwisha kutoka ardhini.

Nilirudia jaribio hilo kwa mbegu za msonobari, nikitarajia umanjano ule ule, na nilipofungua kabati nilidhani kuna mtu aliyelifungua kabla yangu: miche ilikuwa kijani. Hakuna aliyelifungua. Misonobari, pamoja na miani mingi, ina kimeng'enya cha ziada kinachofanya hatua ile ile bila kuhitaji mwanga, ingawa hata misonobari huongeza klorofili yake ikipata nuru. Kauli niliyokuwa nikiirudia kila mara, kwamba bila mwanga hakuna ukijani, ilibidi niifanyie marekebisho.

Kosa kubwa zaidi nililifanya kwa trei ya tatu. Miche ya matango ilikuwa imekaa kabatini siku tisa, nami, kwa haraka za siku hiyo, niliitoa moja kwa moja nje, asubuhi yenye jua kali na hewa ya nyuzi 9. Nilidhani naipa zawadi. Kufikia adhuhuri majani yalikuwa na madoa meupe, si ya manjano, meupe kabisa, na kesho yake madoa yalikuwa yamekauka kama karatasi. Mwanga ulio muhimu kwa kukamilisha klorofili ndio uliokuwa umeichoma.

Nilielewa kilichotokea siku nilipochuja rangi ya majani. Nilikata majani mabichi vipande vidogo, nikayaweka ndani ya chupa yenye spiriti, na chupa nikaisimamisha ndani ya bakuli la maji ya moto, mbali na moto wenyewe kwa kuwa spiriti hushika moto kwa urahisi. Ni njia ya zamani. Wakemia wa Kifaransa Pelletier na Caventou walikuwa wamekwisha kuitenga dutu hiyo ya kijani na kuipa jina mwaka 1817, na Richard Willstätter, aliyechunguza muundo wake, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915. Kimiminika kilichopatikana kilikuwa kijani cha kupendeza, lakini nilipokimulika gizani kwa taa ya buluu iliyokolea, kiling'aa kwa rangi nyekundu kama makaa. Ndani ya jani lililo hai, nishati ya mwanga inayonaswa na klorofili hukabidhiwa haraka kwa mitambo ya usanisinuru, kazi ya mmea ya kujitengenezea chakula kwa mwanga. Ndani ya chupa mitambo hiyo haipo, kwa hiyo nishati hutolewa nje kama nuru nyekundu. Ule wekundu ni nishati isiyopata kazi.

Katika jani, nishati isiyopata kazi haiishii kung'aa tu. Sehemu yake huweza kuhamia kwenye oksijeni na kuigeuza kuwa oksijeni kali, inayoharibu utando wa seli, protini na klorofili yenyewe. Molekuli zenye hatari zaidi ya kusababisha hali hiyo ni zile zilizolegea, ambazo bado hazijafungwa ndani ya protini zake, na protoklorofilidi iliyorundikana gizani ni mojawapo. Mche uliotoka kabatini una molekuli kama hizo, hauna mitambo iliyokamilika ya kutumia nishati, na karotenoidi zake bado hazijapangwa mahali pa kuikinga klorofili. Ukiongeza baridi, ambayo hupunguza kasi ya vimeng'enya vya kujenga na vya kukarabati lakini haipunguzi hata chembe kiasi cha mwanga kinachonaswa, basi umekamilisha masharti yote ya maafa. Kunasa mwanga ni jambo la fizikia na hakujali baridi; kuutumia ni kemia, na kemia hupoa pamoja na hewa.

Ili nisiwe nimejihadithia tu, niligawa miche mingine ya matango, safari hii iliyokwisha kuwa kijani, katika mafungu manne: joto na mwanga, joto na giza la kitambaa kizito, baridi na mwanga, baridi na giza hilo hilo la kitambaa. Joto lilikuwa nyuzi 24 na baridi ilikuwa kati ya nyuzi 9 na 10, kwa siku nne. Fungu la kwanza lilistawi. La pili lilirefuka na kudhoofika. La nne, lililokaa kwenye baridi chini ya kitambaa, lilipauka na kulegea kiasi kwamba nilikaribia kulitupa, lakini liliporudishwa kwenye joto liliendelea kukua, na kwa siku tatu hivi ukijani wake ukarejea. Fungu la tatu, lililopata baridi pamoja na mwanga, ndilo lililonitia uchungu: kingo za majani zilikuwa nyeupe, na weupe huo haukurudi kuwa kijani nilipoipa miche joto, maji na muda wote niliokuwa nao. Jaribio langu lilikuwa dogo na halikuwa na vipimo vya maabara, lakini lilikwenda upande mmoja na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 na Tewari na Tripathy, ambao walipata kwamba utengenezaji wa klorofili katika miche ya matango ulipungua kwa asilimia 90 kwenye nyuzi 7 na kwa asilimia 60 kwenye nyuzi 42, na kwamba kutatizika kwa asidi ya aminolevulini kulichangia upungufu huo katika hali zote mbili.

Hiyo asilimia 60 ya nyuzi 42 nilikuwa nimeisoma bila kuitilia maanani, mpaka siku niliposahau kufungua madirisha ya kitalu nyumba na kurudi alasiri nikakuta kipimajoto kimegusa nyuzi 43. Majani yalikuwa yamelegea lakini yalikuwa kijani, na jioni baada ya kumwagilia yalisimama, kwa hiyo nilihesabu kwamba nimeponea chupuchupu. Joto kali halina haraka ya kuonyesha rangi. Linaloumia kwanza ni utendaji: ile sehemu ya usanisinuru inayopasua maji na kutoa oksijeni hudhoofika kabla jani halijabadilika, na mmea, katika kuokoa maji yake, hufunga vitundu vidogo vya majani, hivyo hewa ya ukaa hukosekana ndani na nishati ya mwanga hukosa kazi kwa mara nyingine, ingawa safari hii chanzo ni kinyume cha baridi. Siku za baadaye ndipo majani yaliyokuwa yakijijenga wakati ule yalipofunguka yakiwa yamepauka kote, bila mipaka iliyo wazi kama ya mikanda ya mahindi, na majani ya chini yakaanza kugeuka manjano kabla ya wakati wake. Kuvunjwa kwa klorofili kulikuwa kumeupita utengenezaji wake.

Baada ya hapo niliangukia kosa la upande wa pili, yaani kuogopa jua. Nilitandaza wavu mzito wa kivuli, na miche ikapata kijani cha kukolea ambacho kila aliyekiona alikisifu. Nilikuwa na kifaa kidogo cha kubana jani, kinachopima ni kiasi gani cha mwanga mwekundu wa nanomita 650 na wa infraredi wa nanomita 940 kinachopenya, na namba zake, ambazo huongezeka kadiri klorofili inavyokuwa nyingi, zilipanda. Nilichelewa kutambua kwamba ukijani wa kivulini una sababu zake. Jani la kivulini huelekeza nguvu zake katika kunasa mwanga mchache uliopo. Kwa kila gramu ya jani huwa na klorofili nyingi zaidi, na kati ya aina zake mbili, a na b, uwiano wa klorofili b kwa klorofili a huongezeka, lakini jani lenyewe huwa jembamba na mitambo yake ya kutumia nishati huwa michache. Jani la juani huwa nene, na mara nyingi huonekana limepauka kidogo, ilhali linafanya kazi kubwa zaidi. Miche yangu ya kijani kilichokolea ilipopelekwa shambani bila kuzoeshwa, iliungua ndani ya siku mbili.

Kuna jaribio moja ambalo huwa nawaonyesha watu kwa sababu halihitaji chochote ila kipande cha karatasi nyeusi. Ukibandika ukanda wa karatasi juu ya jani jembamba lililo kwenye jua kali, na kuuondoa baada ya saa moja hivi, katika baadhi ya mimea utakuta mstari wa kijani kilichokolea pale karatasi ilipokuwa, na jani lililobaki likiwa limefifia. Hakuna klorofili iliyotengenezwa wala kuvunjwa kwa kiasi hicho kwa saa moja. Kloroplasti zenyewe ndizo zilizohama: kwenye mwanga mkali hujibanza kwenye kuta za pembeni za seli, moja ikiifunika nyingine, na kwenye kivuli hujitandaza kupokea kila kinachokuja. Mstari ule hutoweka baada ya muda. Tangu nilipouona, kifaa changu cha kubana jani nakitumia saa ile ile kila siku, kwa sababu jani moja lilikuwa likinipa namba tofauti alfajiri na adhuhuri, nami nilikuwa nikiandika tofauti hiyo kama afya.

Sasa nikiona umanjano, huanza kwa kuuliza uko wapi kwenye jani na jani lenyewe lilikuwa na umri gani hali ya hewa ilipobadilika, na mbolea huja baadaye sana. Usiku wa baridi ukitabiriwa, hufunika miche mapema jioni, na asubuhi yake, jambo ambalo awali nililiona la kipumbavu, huacha kitambaa cha kivuli juu yake mpaka hewa iliyozunguka majani ipite nyuzi 15 ndipo nikiondoe. Miche inayohamishwa huizoesha jua kwa siku saba hadi kumi, saa chache kwanza, kisha zaidi. Udongo nao nimejifunza kuuweka kidole, maana ukiwa wa baridi na umejaa maji mizizi hushindwa kunyonya, na jani hukosa chuma na magnesi ambavyo vimo tele palepale chini yake. Hapo ndipo mtu humwaga mbolea juu ya mbolea, kama nilivyofanya mimi.

Mimea ile ya kwanza ya mahindi ilikua hadi ikanipita kimo. Majani yenye mikanda yalibaki huku chini, yakazeeka na kukauka kwa zamu yake. Kabla ya jani la nne la mche mmoja halijakauka nililikata, nikalibana ndani ya daftari kwenye ukurasa ule wa nyuzi 6 na 7. Rangi ya kijani imefifia siku nyingi na kuwa kahawia, lakini mkanda bado unaonekana, milimita 18 kwa rula.